Panya wa Ondieki

Anayesema panya ni mnyama mdogo hajawahi kumfuga. Kemuma amewafuga, tena chumbani mwake, mkono mmoja kutoka kwenye mto anaolalia, na akikuambia kwamba panya ni mzigo kuliko ng'ombe usimcheke. Ng'ombe unaweza kumwachia jirani ukaenda msibani. Ng'ombe ukimtaja kanisani hakuna anayegeuka kukutazama.

Boma lao liko juu ya Masimba, ukishapita mashamba ya chai, pale migomba inapoanza kubanana. Lina nyumba mbili. Ya juu ni ya Mzee Bosire, mgane, mzee wa kanisa la Sabato, mtu wa maneno machache na kofia moja. Ya chini ni ya mwanawe Ondieki na mkewe Kemuma, ingawa Ondieki mwenyewe yuko Qatar, analinda lango la jengo ambalo hajawahi kuingia ndani yake. Mtoto hawakuwa wamejaaliwa bado. Wanawake wa kanisani walikuwa wakimuuliza Kemuma ni lini, kana kwamba mimba hutumwa kwa simu.

Panya waliletwa na Ondieki kabla hajasafiri. Alikuwa amefanya kibarua upande wa ziwani kwa Owino, mtu mwenye kibali cha kufuga nyoka, anayewaonyesha wanafunzi na wageni chatu wake. Nyoka hao hawali ugali. Hula panya, na panya wenyewe wawe safi, weupe, waliozaliwa na kulelewa ndani ya kizimba, maana wale wa shambani huja na magonjwa na wengine wameshalamba sumu. Owino alikuwa akihangaika kuwatafuta mbali, na Ondieki akaona hapo pana njia. Akarudi nyumbani na katoni iliyotobolewa matundu, ndani yake madume na majike wenye macho mekundu, akamwambia mkewe avumilie kidogo tu. Yeye akirudi watajenga banda la maana, na hatakwenda tena kulinda lango la mtu. Neno hilo kidogo, wanaume wetu hulipenda sana wakiwa wamesimama mlangoni na begi.

Kwanza waliwekwa jikoni. Baridi ya mlima ikaua vichanga, kisha siafu wakaingia wakamaliza sanduku zima. Ndipo Ondieki akasema wahamishiwe chumba cha kulala. Huko kulikuwa na joto, na zaidi ya joto kulikuwa na chinsoni.

Chinsoni ni ile haya inayokaa kati ya mzazi na nyumba ya mwanawe aliyeoa. Baba haingii humo. Hampi mke wa mwanawe mkono wa salamu, hamkazii macho wanapozungumza, na chumba anacholala mwanawe hata kukitaja kwa mdomo hakitaji. Hakuna anayefundishwa jambo hilo darasani. Mtu hukua nalo tu. Ondieki alilifikiria akatabasamu. Pahali pa kuficha kitu baba asikione, alisema, ni pale ambapo hata nyumba ikiwaka moto hawezi kuingia.

Na kuficha kulikuwa lazima. Mzee Bosire hali kambare kwa sababu hana magamba. Sasa panya, ambaye Biblia imemtaja kwa jina kati ya vichafu, Kemuma angemwelezaje mzee? Halafu hao panya ni chakula cha nyoka, na mwanamke anayefuga chakula cha nyoka kule mlimani anaweza kupewa jina ambalo hakuna sabuni ya kulitoa. Kwa hiyo Kemuma alifunga mdomo wake, akaufunga na mlango wa chumba.

Shida ni kwamba aliyefungiwa ndani ni yeye. Panya hunyweshwa asubuhi na jioni, na jike anayenyonyesha ukimnyima maji huanza kuwala watoto wake, akianzia kichwani. Kemuma aliliona hilo kwa macho yake siku aliyokawia sokoni Keroka, na hakukawia tena. Jike hubeba mimba wiki tatu tu, hivyo daima kuna anayezaa, kuna anayenyonyesha, na kuna wa kutengwa na dume upesi kabla mambo hayajawa mengine. Kuna pumba za kuchanganya na omena iliyotwangwa. Kuna maranda ya kuomba kwa seremala, ambaye kila mara anauliza una kuku wangapi, nawe unajibu wengi. Ukimaliza kusafisha sanduku la mwisho, la kwanza limeshachafuka.

Na harufu. Mkojo wa panya hauna adabu. Ulikaa kwenye blanketi, kwenye leso, kwenye nywele zilizosukwa jana. Kanisani Kemuma alianza kukaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Akina mama wa Dorkasi, kile chama cha kanisa, walipokuja kumtembelea aliwapokea kwenye veranda, akawapa chai papo hapo, mvua ikiwapiga miguu, nao wakaondoka wakisema mke wa Qatar ana maringo. Aliwasikia vizuri kabisa wakishuka njia. Alirudi ndani akalia, kisha akachukua ndoo maana ilikuwa saa ya maji.

Lililomuuma zaidi hakumwambia mtu yeyote. Kila kitu mle chumbani kilizaa isipokuwa mwenye chumba. Akiwashika wale vichanga wekundu wasio na manyoya, ambao Owino huwaita pinki, alikuwa akichelewa kuwarudisha chini ya mama yao.

Owino alikuwa akija na pikipiki siku walizopatana, akisimama chini kwenye kijito ambako hakuna nyumba. Kemuma alimshukia na katoni, juu ameifunika majani ya mgomba kama anayekwenda kuuza ndizi. Walikuwa wakisalimiana, Owino anachungulia ndani ya katoni, anasema asante shemeji, anaondoka. Katika mwezi mzima huyo ndiye mtu pekee ambaye Kemuma hakuwa na haja ya kumficha anavyonuka.

Alijaribu kumweleza mumewe. Alimwambia kwa simu kwamba amechoka, kwamba chumba si chake tena, kwamba anaomba awarudishe kwa Owino. Ondieki hakufoka. Alimjibu kwa upole uleule wake, na upole ndio uliomkasirisha Kemuma kuliko kelele, akamwambia hao panya ndio wanaomsimamisha juani kutwa nzima bila kuanguka. Akiwamaliza, atakuwa amemmaliza yeye. 

Na Mzee Bosire je? Kemuma aliamini mzee hajui lolote. Hakuwahi kuuliza. Akienda kukata majani ya ng'ombe alipita nyuma ya nyumba mbali na dirisha, akikohoa ili ijulikane ni yeye. Dirisha lenyewe lilikuwa na kioo kimoja kilichovunjika, Kemuma amekiziba kwa gunia, na masanduku ya panya yalipangwa chini yake ili yapate hewa. Kama mzee aliwahi kusikia vilio vyao, chinsoni ilimziba mdomo. Hivyo ndivyo walivyoishi, watu wawili kwenye boma moja, kila mmoja akipima anachosema.

Mama yake Kemuma aliitwa Persis, naye alikuwa Kenyenya, upande wa pili kabisa wa Kisii. Ni safari ya kushuka gari na kupanda jingine, na mwisho bodaboda kwenye matope. Tangu panya waje, Kemuma alikuwa akifika adhuhuri na kuaga kabla chai haijapoa. Hajalala kwa mama yake hata mara moja. Mwanzoni Persis alidhani Mzee Bosire ni mkali, kisha akadhani binti amepata makuu, kisha akaacha kuuliza, na huko kuacha kuuliza ndiko kulikomchoma Kemuma. Mwaka huu moyo wa Persis ulianza kuchoka. Miguu ikavimba, pumzi ikawa ya kuazima, na hospitali ikamrudisha nyumbani apumzike na watu wake.

Mdogo wake Kemuma, Celestine, ndiye aliyekuwa akimuuguza. Alipiga simu asubuhi moja Kemuma akiwa amepiga magoti kati ya masanduku.

"Mama hataki chakula tena," alisema. "Anakutaka wewe. Na amesema kama ni ile yako ya kuja na kuondoka, afadhali usije."

Siku hiyo hiyo Owino alikuwa na zamu yake. Kemuma alishuka kijitoni bila katoni, akamwambia apande naye hadi nyumbani, mzee yuko shambani, achukue wote, madume na majike, na masanduku yao. Owino alivua kofia ya pikipiki akajikuna kichwa.

"Shemeji, nitawapeleka wapi?" alisema. "Mimi nalisha nyoka, panya sijui kufuga. Nyoka ikishashiba imeshiba, hata mwezi haitaki kitu. Na mke wangu Adoyo ameniambia siku panya itaingia kwa nyumba yake, yeye anatoka."

Kemuma alimwonea wivu huyo Adoyo, mwanamke ambaye hajawahi kumwona, aliyesema sentensi moja kwa mumewe na ikasikika. Akarudi juu akiwaza nani wa kumwachia. Jirani yake Phanice angekubali haraka sana, na kabla ndoo ya kwanza haijaisha Masimba yote ingekuwa imeshapata habari. Mwingine hakuwepo.

Kulipokucha alifunga nguo zake kwenye begi, akateka maji, akaingia chumbani na ndoo. Panya wakaja kwenye wavu, wakasimama kwa miguu ya nyuma kama wafanyavyo kila asubuhi, maana walimjua. Alisimama hapo kwa muda. Kisha akatoka na ndoo, akayamwaga yale maji kwenye shina la mgomba, akairudisha ndoo tupu mahali pake kando ya kitanda. Alijua vizuri kitakachotokea. Siku chache bila maji na hakuna atakayebaki. Atarudi, atafagia, atamwambia Ondieki ugonjwa uliwapitia, na itakuwa imekwisha. Mimi sisemi alikuwa mkatili. Kaa wewe na panya mwaka wa pili huu, mama yako akikuita, halafu uje umhukumu.

Akafunga chumba, akafunga nyumba, akatia funguo kwenye pochi.

Mzee Bosire alikuwa langoni akitengeneza kamba ya ng'ombe. Kemuma alisimama kwa mbali kidogo, akamweleza akimtazama ng'ombe, kwamba mama yake anaumwa sana na safari hii atakaa huko.

"Kaa," mzee alisema, naye akiitazama kamba. "Kaa naye mpaka akuruhusu." Akavuta fundo, akalikaza. "Na hapa nyumbani, kuna kitu kinachokungoja?"

"Hakuna kitu, Tata," alisema, akimwita baba kwa lugha yao.

Mzee akatikisa kichwa kukubali, na Kemuma akashuka mlima.

Persis alikuwa amebaki macho tu. Kemuma alipoinama kumkumbatia, mama akavuta hewa puani, akauliza kwa nini mtoto wake ananuka panya. Hapo hapo, begi likiwa bado begani, Kemuma alimweleza yote: katoni, siafu, chumba, kijito, benchi la nyuma kanisani. Persis alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, na Celestine akaja mbio kutoka jikoni akidhani ndiyo saa. Mama akapangusa macho, akasema kumbe ndio hao walioninyang'anya mtoto, nami nilikuwa namlaumu korera wangu bure. Korera ndilo jina wanaloitana wazazi wa mume na wazazi wa mke. Kisha akauliza maji wanapewa na nani sasa.

Kemuma akalishusha begi. Persis alimtazama, akaelewa, akamshika mkono. Alisogea tu ukutani kumpa nafasi kitandani.

Walilala kitanda kimoja siku zote hizo. Kemuma alimwosha mama yake, akamnywesha uji kwa kijiko, akamsimulia habari za watu waliokwisha kufa na mama akazisahihisha. Alikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilimtisha. Kila kulipopambazuka aliamka akiitafuta ndoo, akakumbuka. Alijiambia leo wamekwisha. Kesho yake akajiambia tena leo wamekwisha, kama mtu anayehesabu wageni waliokwisha ondoka, na bado hakupata ule wepesi aliokuwa akiungoja.

Persis alifariki asubuhi ya mvua, Kemuma akimpaka mafuta miguuni na Celestine akikamua ng'ombe. Alishtukia mguu umekuwa mzito mkononi. Hakupiga kelele mara moja. Alimaliza kwanza kuupaka ule mwingine.

Alipompigia simu Mzee Bosire, mzee alisema pole mwanangu, nimempoteza korera, akauliza mazishi ni lini. Kemuma akamwambia. Mzee akakohoa, na kwenye kukohoa huko kulikuwa na jambo ambalo Kemuma hakulielewa. Simu ikakatika bila mzee kusema atafika.

Na hakufika. Kwetu, nyumba ilikoolewa binti huja mazishini kwa pamoja, mbele yao mzee wao, na hupokewa na kupewa viti vya mbele ndani ya hema. Huko ndiko kuonyesha kwamba huyu binti kweli ana kwao. Siku ya mazishi kiti cha Mzee Bosire kiliwekwa, kikafunikwa kitambaa cheupe, na kikabaki hivyo hivyo mpaka jeneza likashuka. Alikuja mpwa wake, Gibson, na watu watatu na mbuzi. Alisema mzee amezuiwa. Wazee wa Kenyenya wakauliza amezuiwa na nini, ni mgonjwa? Gibson akasema hapana, si mgonjwa, amemwacha amesimama. Wakatazamana. Kemuma alitamani lile kaburi liwe la watu wawili.

Jioni wakiosha sufuria, Celestine alisema bila kumwangalia, "Kwa hiyo mama yetu hakuwa mtu?"

Hilo swali Kemuma aliondoka nalo. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiyapanga maneno, na chinsoni iende zake huko. Angemuuliza mzee ni heshima gani hii ya kutomkazia mtu macho halafu unamwacha amzike mama yake peke yake. Angemwambia ni kwa ajili yake amelala na uvundo mwaka wa pili, ili yeye aendelee kuwa safi mbele ya kanisa lake. Kwenye begi alikuwa na gunia tupu aliloomba kwa Celestine, la kubebea mizoga. Alipanda mlima akiwa na hasira mpya kabisa, hasira ambayo angalau ilimfanya asahau huzuni.

Kufuli ilikuwa kama alivyoiacha. Alisimama mlangoni akinusa, akiungoja uvundo wa vifo vya siku nyingi, na kilichomjia ni mkojo uleule wa zamani. Halafu akasikia kitu nyuma ya nyumba. Akazunguka.

Mzee Bosire alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya dirisha la chumba, mgongo ukutani, uso ameuelekeza kwenye migomba. Gunia la dirishani lilikuwa limesogezwa kidogo. Juu ya bega lake alikuwa ameshika bua la jani la mpapai, lile lenye uwazi katikati, ncha moja imepenya dirishani, na kwenye ncha ya pili, aliyoiinua juu ya dirisha, alikuwa akimimina maji kwa kikombe, polepole, akiinamisha kichwa kusikiliza yanavyogonga mkebe ndani mpaka mlio ubadilike. Kisha akalisogeza bua kwenye sanduku la pili. Hakugeuza shingo hata mara moja. Miguuni pake palikuwa na bakuli la mahindi yaliyopondwa na vipande vya shina la mgomba, vile vyenye maji mengi ambavyo hupewa ng'ombe wakati wa kiangazi. Akachukua kipande, akakitupa nyuma juu ya bega, kikapita dirishani. Ndani vikasikika vilio vya kugombania.

Aliposikia nyayo alikohoa, akasimama.

"Umerudi."

"Nimerudi, Tata."

Aliongea akiitazama migomba, na Kemuma hakuwahi kumsikia akiongea mengi hivyo. Alisema siku ya pili baada ya Kemuma kuondoka alipita na majani ya ng'ombe, akasikia kilio. Si kile cha siku zote, maana kile cha siku zote alishakizoea zamani. Hiki kilikuwa cha kiu, na mtu aliyelea ndama anakijua. Alikwenda zake. Akarudi. Akaenda tena. Kuingia hawezi, na kumtuma mwanamke wa jirani hakutaka, maana kama kuna siri ya mwanawe, itokeje kwa Phanice? Ndipo akakumbuka mpapai. Tangu hapo, asubuhi na jioni. Hata Sabato alitoka kanisani kabla ya mahubiri, akijiambia kumnywesha mnyama hakujakatazwa. Gunia lake la mahindi lilikuwa limefika nusu.

"Siku ya mazishi nilivaa koti," alisema. "Nilifika mpaka barabarani na akina Gibson. Nikawasikia hawa wa ndani kutoka huko barabarani. Sijui kama niliwasikia kweli au ni kichwa. Ukienda kuzika Kenyenya huwezi kurudi siku hiyo, na walikuwa hawajala." Akakishika kile kikombe kwa mikono miwili. "Nikasema, huyu mtoto amekwenda kumzika mama yake. Asitoke kaburini aje kukuta vifo vingine nyumbani kwake."

Maneno yote ambayo Kemuma aliyapanga njiani yalimkimbia. Alitaka angalau kusema moja la kweli, lolote.

"Tata, hao walio ndani ni..."

"Usiniambie." Aliinua mkono bila kugeuka. "Nikijua ni nini, itabidi niseme kama mzee wa kanisa. Kwa sasa ninajua wana kiu tu."

Kemuma akazunguka mbele, akafungua nyumba, akafungua chumba. Walikuwa hai. Wavu ulikuwa umejaa nyuzi za mgomba, sakafu imejaa mahindi yaliyokosa shabaha, na masanduku yalikuwa yamefurika, kwa sababu wakati wote huo hakuna aliyetenganisha dume na jike. Kwenye pembe moja jike alikuwa amejilaza juu ya vichanga wa jana au juzi, wekundu, wote wazima. Panya wakamwona. Wakaja kwenye wavu, wakasimama kwa miguu ya nyuma kama wafanyavyo kila asubuhi.

Akakaa kitandani, gunia tupu mapajani, akalia. Alilia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia Kenyenya, na hakuweza kusema ni cha mama yake, ni cha yule mzee, au ni cha wale waliokataa kufa. Nje, Mzee Bosire alikohoa kumjulisha kwamba anaondoka. Lakini hakuondoka. Alidhani analiliwa marehemu, na mtu akililia marehemu haachwi peke yake.

Alingoja mpaka sauti ikapungua.

"Mokamwana," alimwita mke wa mwanawe kupitia dirishani, na ilisikika kwamba uso bado ameuelekeza kwenye migomba. "Kesho ningependa kwenda Kenyenya, nikamwombe korera msamaha pale kaburini. Sijaenda mbali na hapa tangu uondoke." Kigoda kikasikika kikisogezwa. "Lakini nitakwenda tu ikiwa wewe upo."

Kemuma aliitazama mikebe. Ile ya pembeni mzee hakuwa ameifikia bado, na panya wa upande huo walikuwa wakiilamba ikiwa mikavu. Ndoo ilikuwa palepale kando ya kitanda alipoiacha asubuhi ile.

"Nipo, Tata," alisema, akaiokota.